Kikombe Wanakiogopa, Wembe Hawauogopi

Jumamosi jioni, Oktoba 1996

Upepo wa ziwani unavuma tangu asubuhi, mawingu yamejaa, mvua hainyeshi. Afadhali ingenyesha tu. Nimefagia uwanja mara mbili. Nimesugua masufuria ambayo hayakuwa machafu. Sasa nimepanda juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, naandika, na hata hapa situlii.

Macho ya baba bado ni ya manjano.

Jumanne mimi ndiye niliyemsindikiza hospitali, kwa sababu mama hawezi kuiacha meza yake ya dagaa sokoni. Daktari alisema ni homa ya ini. Kabla hajamaliza, baba akasema yeye hanywi pombe, kama mtu aliyeshtakiwa. Nilimwonea huruma. Tangu apunguzwe kazi kiwandani, majirani wanasema anakunywa kwa kujificha, na haya macho yamewapa ushahidi waliokuwa wanautafuta. Baba yangu ni mtu wa soda. Hata kwenye harusi.

Daktari akamwambia pombe huharibu ini, ni kweli, lakini haiko peke yake. Kuna homa ya ini inayoletwa na maji na chakula kichafu. Hiyo kwa kawaida huja ikapita. Ya baba ni ile ya kwenye damu. Hupita kwa sindano iliyotumika, kwa wembe wa kuchangia, kwa mama kumpa mtoto anapomzaa, kwa mume na mke. Hapo kwenye mume na mke nikaangalia kalenda ukutani, na baba naye akaangalia kalenda hiyo hiyo. Mtu mzima mara nyingi mwili wake huishinda, akasema daktari, lakini mtoto mdogo akiipata, mara nyingi haimtoki. Inaweza kukaa miaka bila kumuuma, huku inamla ini. Chanjo ipo, ila huku kwetu bado ni ya kutafuta. Akasema nyumba nzima tupimwe. Mimi nilitolewa damu palepale. Majibu ni wiki ijayo.

Nilimweleza mama yote, isipokuwa pale pa kalenda nilipita haraka. Unajua alichofanya kwanza? Alitenga kikombe na sahani ya baba. Nikamwambia daktari amesema sahani haina neno, hata kumkumbatia hakuna neno. Akasema tahadhari siyo ujinga. Sasa mdogo wangu Masalu, ambaye hajafika hata miaka mitatu, anakatazwa kupanda mapajani kwa baba. Anasimama mlangoni anamtazama tu.

Halafu leo asubuhi akaja shangazi kutoka Magu.

Yeye ndiye dada mkubwa wa baba, na akiingia nyumba inajaa. Nilimpa shikamoo huku nimeinama. "Marahaba. Kabula, bado unaamkia vidole vyako vya miguu? Hivyo havitakuitikia." Watu wote wakacheka, hata baba kule kitandani. Mimi pia nilicheka kidogo.

Amekuja na dawa nyeusi ya unga na wembe, umefungwa kwenye pindo la khanga.

Mwaka ule babu alipougua, tulichanjwa chale ukoo mzima. Tulipanga mstari kwa umri, wembe ukatoka kifua hiki ukaenda kifua kile, na dawa ikasuguliwa penye damu. Shangazi anasema ni lazima wembe uwe mmoja. Ukibadilishwa, dawa haitatutambua kuwa ni nyumba moja. Mimi nilifuata baada ya baba. Alama zangu ziko hapa, naweza kuzigusa juu ya blauzi. Tuliokuwepo wote tunazo, isipokuwa Masalu. Alikuwa bado tumboni.

Kesho alfajiri, kabla mtu hajala, tunachanjwa tena. Mimi nimepangiwa kumshika Masalu mikono.

Nilimfuata mama jikoni. Hakuacha kupepeta mchele. Akasema, "Mimi nimeolewa hapa. Dawa ya ukoo wa mume naikataaje? Baba yako akizidiwa, nitaambiwa mimi ndiye niliyemzuia. Wewe ni damu yao. Sema wewe."

Mimi! Mimi ambaye darasani nikiulizwa najibu kwa mnong'ono hadi mwalimu anasogea karibu.

Na biolojia tunafundishwa kwa Kiingereza. Ini naweza kulichora na kuandika kila sehemu yake. Lakini kumweleza shangazi, kwa Kiswahili, ana kwa ana? Maneno yote yakawa mageni.

Nikaenda mjini kununua nyembe. Siku hizi maduka yamejaa, unachagua hadi unachoka. Nilirudi na pakiti nikaiweka mbele ya shangazi, aliyekuwa amekaa jikoni na mama, mama bado na ungo wake, nikitumaini pakiti itaongea.

"Hizi zote za nini? Tunanyoa shule nzima?"

Nikasema kila mtu awe na wake. Akatikisa kichwa. "Wembe wako, wembe wangu, hiyo siyo dawa. Hayo ni mambo ya duka. Mbona wewe ulichanjwa na hujambo?"

Ndipo sauti ikatoka. Sijui ilitokea wapi. "Sijui kama sijambo, shangazi. Damu yangu bado iko hospitali. Wembe ulitoka kwa baba ukaja kwangu."

Mama aliacha kupepeta.

Shangazi alinitazama. Halafu mkono wake ukapanda polepole, ukapita chini ya khanga, ukatulia kifuani pake, pale pale zilipo alama zangu. Sauti yake sikuwahi kuisikia ikiwa ndogo namna ile.

"Ulitoka kwangu kwanza," akasema. "Mimi ndiye mkubwa."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikwenda kumlaumu, nikajikuta nataka kumshika mkono. Nikamwambia kupimwa siyo kitu, wanachukua damu kidogo tu, na wana sindano mpya kwa kila mtu. Nitamsindikiza. Aliinuka, akachukua kikombe cha baba kilichotengwa, akakitia chai, akanywa yeye mwenyewe hadi mwisho.

Lakini wembe bado uko kwenye pindo la khanga yake. Pakiti yangu haijafunguliwa. Na kuhusu alfajiri hakuna aliyesema neno.

Kwa hiyo leo Masalu atalala kwangu. Wakiita, nitatoka nimembeba mgongoni, sitamshika mtu mikono, na nitasema: Masalu hachanjwi. Maneno mawili tu.

Nimeyajaribu hapa jiweni. Mara ya kwanza hayakutoka. Mara ya pili yalitoka kama kikohozi.

Hii ya mwisho, hata mbuzi wa jirani amegeuka.