Mzee wa Kola Nyeupe

Bologna, 9 Machi 1958

Kwa kaka yangu mpendwa Nerio,

Pokea salamu zangu kutoka huku nyumbani. Natumaini huko Torino hamjambo, wewe, wifi Ivonne na mtoto, na kwamba kile kikohozi chako kimekwisha. Mimi ni mzima, ila vidole vyangu vinanuka tapentaini hata nikikanda unga.

Uliniuliza masomo ya uchoraji yanaendaje. Kuanzia Oktoba, kila Alhamisi, mwalimu wangu Bibi Argia alikuwa akinikalisha kwenye jumba la makumbusho mbele ya picha moja tu: mzee mwenye kola nyeupe, aliyechorwa na mtu asiyejulikana. Kazi yangu ilikuwa kuinakili. Mwezi wa kwanza sikuruhusiwa rangi yoyote ila kahawia, nyepesi kama chai, ya kutafutia vivuli. Nilipokimbilia kupaka mashavu, Bibi Argia aliniuliza mbele ya wageni, "Dirce, huu ni uso wa mtu au sosi ya nyanya?" Wakacheka wote, nami nikafuta kwa kitambaa. Polepole nikamwelewa yule mchoraji: penye kivuli amepaka rangi nyembamba, penye mwanga ameirundika, na ndani ya lile sikio ametia kijani.

Januari nikamaliza. Bibi Argia akaitazama nakala yangu kwa muda mrefu, akasema, "Mdomo si wake huu. Umeutoa wapi?" Nikamwambia sijui. Nilijua, Nerio. Ulikuwa mdomo wa Baba.

Akanituma nikachore mtu aliye hai. Najua tuliapa, siku tuliyomzika Mama na Baba asitokee, kwamba hatutakanyaga kwake. Mimi nimekanyaga. Nimekwenda Jumapili nne. Anaishi peke yake, yule mwanamke ambaye alimwacha Mama kwa ajili yake alishaondoka. Hajaniomba msamaha, wala mimi sijamsamehe. Nilimwambia akae dirishani, akakaa. Mikono inamtetemeka, lakini uso hautikisiki.

Jumapili ya tatu akauliza ghafla, "Nerio bado anakula akiwa amesimama?" Nikacheka kabla sijakumbuka kwamba nina hasira naye. Kisha nikashindwa kuendelea, nikaosha brashi, nikaenda zangu.

Nikasirikie ukitaka, una haki. Sikupenda tu ulisikie kwa mtu mwingine. Jumapili ijayo nitakwenda tena, kwa sababu macho bado sijayachora, na kwa sababu nataka kwenda.

Msalimie wifi, na umbusu mtoto kwa niaba yangu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Dirce