Kuta Ulizotuachia Zipumue

Baba,

Tumekusanyika nyumbani Litembo baada ya misa ya kukukumbuka, mwaka wa pili huu, na ndugu wamenitaka mimi mkubwa nikuandikie, kisha nisome mbele yao. Nianze na habari utakayoipenda: Mama anapumua vizuri.

Haikuwa hivyo. Ulipotutoka, wanunuzi binafsi waliruhusiwa kufuata kahawa hadi vijijini, nasi kwa mauzo ya kwanza tukaondoa nyasi na kuezeka bati. Tulijivuna mno. Ilipofika Juni, bati likatoa jasho. Alfajiri matone yakawa yanamdondokea Mama kitandani. Nikaazimia kumkinga. Ile nafasi uliyoiacha kati ya ukuta na paa nikaiziba yote kwa matofali na udongo, madirisha nikayapigilia nailoni. Nikawaambia majirani kwamba namalizia kazi uliyoiacha nusu.

Joto likaja, sikatai. Ila Mama aliota moto wa jiko lake la mkaa chumbani kama kawaida, na hewa chafu haikuwa na pa kutokea. Kuta zikaota ukungu. Kikohozi kikamshika hadi nikaogopa kwamba... Baba, niliogopa. Siku moja alikunja mkeka, akahamia kwenye kibanda cha jikoni. Nilipomsihi arudi akasema, "Umenifunga kizibo kama pombe ya ulanzi inayochacha chupani, mwanangu. Unangoja nipasuke? Baba yako hakusahau kuziba pale."

Kasoro niliyoitangaza ilikuwa akili yako. Nakuomba radhi mbele ya majirani wale wale, wamo humu.

Tukaanza upya. Chini ya bati tumeweka dari ya mianzi iliyopasuliwa, juu yake nyasi kavu, na bati halidondoshi tena. Chini ya dari, upande usiopigwa na upepo, tumetoboa matundu ya hewa. Ubao umeziba mwanya wa mlangoni uliokuwa ukigandisha miguu. Jiko halivuki kizingiti tena.

Mama amerudi chumbani kwake. Bado anakohoa kidogo asubuhi, lakini jana aliwakaripia wakwe zangu kwa sauti iliyofika barabarani, nasi tukacheka kwa furaha.

Pumzika, Baba. Nakuahidi: madirisha yake nitayafungua kila siku kabla ya kwenda shambani, na sitaongeza tofali hata moja bila kumwuliza yeye.

Mwanao.