Tulivyoshangilia Tuzo Aliyoikosa Mama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, miguu imepungua kuvimba na kifua kimetulia. Mimi sijambo, ila mgongo tu, nao umezoea kulalamika kama nilivyozoea kutousikiliza. Wasalimie wadogo zangu, hasa kitindamimba wetu. Mwambie filamu aliyonirushia kwenye simu ilifika salama.

Mama, nakuandikia kwa sababu ya maneno uliyoniambia juzi. Ulisema umetuaibisha. Ulisema uliutangazia mtaa mzima kwamba unagombea tuzo ya mwigizaji bora, ukaazima viatu, ukasukwa, halafu ukarudi mikono mitupu, na sasa unapita vichochoroni usikutane na watu. Na yule mwongozaji wako aliyekuletea kazi ya filamu nyingine umemjibu kwamba wewe ni dobi, asikusumbue tena. Kwenye simu nilikuuliza habari za mvua, nikakata. Mimi maneno hunijia kesho yake. Basi haya ndiyo ya kesho yake.

Kwanza nikueleze tulivyoangalia sherehe ya tuzo hapa kwenye kambi ya wajenzi. Mpishi alitoa televisheni chumbani kwake akaiweka juu ya pipa, kwenye banda la kulia chakula. Nilikuwa nimewaambia wenzangu kwamba mama yangu anagombea, wakanicheka. Dereva wa winchi alisema hata mama yake yeye ni malkia, ila hapendi kujitangaza. Tulikaa na vumbi la saruji bado nyusini. Akaonyeshwa mwanamke mmoja, akafuata mwingine, sisi utaratibu hatuujui. Mara sura yako ikajaa kioo kizima, jina lako likasomwa, ukumbi ukapiga makofi. Mama, banda lilipasuka! Tulidhani umeshinda. Mpishi aligonga sufuria kwa mwiko, fundi nondo akanibeba begani, mimi na mgongo wangu huu, chai ikamwagika, na mtu mmoja akamkumbatia mnyapara, ambaye sidhani kama hukumbatiwa hata na mkewe. Tulipotulia, mwanamke mwingine kabisa alikuwa jukwaani na tuzo mkononi, analia kwa furaha. Kumbe walikuwa wanataja wagombea tu.

Fundi nondo akawaka, akasema majaji wamekula rushwa. Nilimkatalia. Yule mama aliyeshinda anaijua kazi yake, tuzo ni halali yake. Lakini alipokuwa anapita kwenda jukwaani, kamera ilikupitia na wewe. Wenzako waliokosa walikuwa wanatabasamu kama watu waliobanwa vidole na mlango. Wewe ulikuwa unapiga makofi kwa nguvu zote, halafu ukaacha, ukanyoosha mkono, ukamtoa uzi kwenye koti mzee aliyekaa mbele yako. Tulicheka mpaka machozi. Mnyapara akasema huyo haigizi, huyo ni mama kweli kweli. Nikawasimulia jinsi mwongozaji alivyokuja kuchukua mashati yake, ukamgombeza kwa kalamu aliyoisahau mfukoni, naye akasimama kusikiliza mpaka mwisho, akasema uso huo ndio aliokuwa anautafuta kwa filamu yake. Sasa mpishi ananiomba umpigie simu umgombeze kidogo tu, na yeye apate bahati. Na mimi siku hizi napandisha mifuko ya saruji ghorofani kichwa juu kama bwana harusi.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Filamu yenyewe nilikuwa sijaiangalia. Niliipokea, nikaiacha. Niliambiwa inahusu mama ambaye mwanawe anakwenda kutafuta kazi mbali, na mimi sikutaka kuyaona hayo. Nimeiangalia jana, siku ya mapumziko, peke yangu kitandani, nimejifunika shuka. Ikafika pale mwana anapoondoka. Gari linapiga honi, kijana amesimama mlangoni anaita, na mama hatoki. Yuko uani, anafua shati ambalo limeshatakata. Analisugua, analikamua, analirudisha kwenye maji. Analia amefumba mdomo, asisikike nje. Kijana anaondoka akidhani mama amekasirika.

Mama, kijana yule ni mimi. Siku niliyoondoka niliita, hukutoka. Nilisikia maji tu yakimwagika uani. Nimeishi huku nikiamini kwamba hukutaka hata kuniona kisogo. Ndiyo maana simu zangu zimekuwa fupi, nakuuliza hali, nakuuliza mvua, nakata. Mimi sikuwahi kukuuliza, na wewe hukuwahi kusema. Umesema sasa, mbele ya nchi nzima, na mimi nimekuwa wa mwisho kusikia.

Leo asubuhi nilimpigia kitindamimba. Ameniambia kwamba mwongozaji alitaka mama wa kwenye filamu atoke amkumbatie mwanawe, ukakataa katakata. Ulimwambia mama yule akitoka atamng'ang'ania kijana, na gari litaondoka bila yeye. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Kwa hiyo usinitajie tena aibu. Viatu vya watu warudishie, lakini upite barabara kubwa, katikati. Na yule mwongozaji mpigie, mwambie ulijibu kwa uchovu. Akikupa mama mwingine wa kunyamaza, mwigize. Kuna mtu mahali fulani hajamwelewa mama yake bado.

Banda zima linakuamkia, fundi nondo kwa sauti kuliko wote. Nakuombea usingizi mzuri na wateja wasioacha kalamu mifukoni. Mkataba wangu ukiisha nakuja, na nikifika sitasimama mlangoni kuita. Nitapita moja kwa moja mpaka uani.

Ni mimi,
mwanao mkubwa.