Ukumbini Hapo Tu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Na goti lako nalo shikamoo, maana kwa jinsi ulivyolieleza kwenye ujumbe wako naona sasa ndilo mkubwa wa nyumba: lisipotaka, hakuna anayetoka. Je, ile dawa ya kuchua inasaidia, au inanuka tu? Sisi huku hatujambo. Shemeji yako anakusalimu, kikohozi kimemwachia. Mwanao mkubwa ameanza kazi ya kutengeneza lifti, na sasa hatuingii jengo lolote bila kuambiwa lifti yake ina kasoro gani. Mdogo bado anasoma, au ndivyo anavyotuambia.

Ujumbe wako niliupata. Umesema mnakuja wakunga kumi na wawili kwenye mkutano, mnataka pa kulala karibu na ukumbi, bei ya kubebeka, na muwe mnakwenda kwa miguu, kwa sababu teksi za asubuhi na jioni zitaimaliza posho kabla ya siku ya pili. Umesema unaniomba mimi kwa vile ndiyo kazi yangu. Kweli, ni mwaka wa kumi na nne huu nimekaa kwenye dawati la kuwatafutia malazi watu wa mikutano. Ningeweza kukujibu kwa simu, maneno kumi, yakaisha. Lakini nivumilie, safari hii nina mengi.

Nilianza kwa kupiga simu. Yale mahoteli marefu ya vioo yanayouzunguka ukumbi niliyapita bila kusalimia, usiku mmoja mle ni posho yako ya wiki nzima. Nikapigia zile za watu wa kawaida. Dada, kila niliyemuuliza kutoka kwake hadi ukumbini ni umbali gani, alinijibu hapo tu. Mmoja akaniambia hapo tu, ukivuka barabara. Baadaye nilikuja kujua hakusema uongo, ila hakutaja ni barabara ngapi. Nilipokata simu ya mwisho nilicheka peke yangu ofisini mpaka mwenzangu akauliza kuna nini. Ningemwambiaje?

Wewe unajua. Unakikumbuka kile kibao cha baba? Alikiandika kwa mkono wake, kwa ile rangi iliyobaki ya milango, akakipigilia juu ya mlango wa mbele wa nyumba yetu ya wageni: UKUMBINI HAPO TU. Ukumbi ulikuwa mpya, wageni walikuja na mafaili yao kwapani, na baba kwa mwendo wake wa mtu anayefukuzwa aliona kweli ni hapo tu. Mpaka siku ile yule mkaguzi wa shule, mnene wa watu, alipofika mkutanoni ameloa jasho, akarudi mchana kumtaka baba aandike dakika. Baba akaandika dakika tano. Wewe ukamwambia ni kumi na moja, umezihesabu. Akasema dakika kumi na moja ni za watu wanaotembea huku wanaongea.

Ulikuwa na miaka kumi na mbili, na kazi yako ilikuwa kuwasindikiza wageni asubuhi, mafaili yao kichwani. Mimi nilifuata nyuma sina nilichobeba, ndipo ukanipa jina la Kiherehere, na mpaka leo hakuna aliyenipa jina linalonifaa zaidi. Nakumbuka tulivyokuwa tukikunja mashuka kwenye korido, wewe ncha ile, mimi ncha hii, halafu unalivuta ghafla nianguke. Nakumbuka harufu ya pasi ya mkaa, na birika kubwa la mama, na chumba namba saba ambacho dirisha lake halikufunguka, baba akawa anawaambia wageni limefungwa makusudi kuzuia mbu. Tulikuwa na raha, dada. Wakati ule niliona ni kazi tu, na kero.

Basi, kwa kuwa nalijua hapo tu kwa undani, nilivaa viatu vya chini, nikachukua saa, nikaanza kupima mwenyewe kutoka mlango wa ukumbi. Sikutembea kwa mwendo wangu, nilitembea kwa wako. Kila hatua mia nilisimama, nikashika ukuta, nikahesabu hadi ishirini, kisha nikaendelea. Mlinzi wa benki moja akaniuliza kama naumwa au naichunguza benki yake. Nikamwambia natembea na dada yangu. Akatazama nyuma yangu, hakuona mtu, akanionea huruma.

Ya kwanza ilikuwa safi, dakika kumi, lakini vyumba vyote ghorofa ya nne na lifti hakuna. Ya pili, ile ya ukivuka barabara, dakika thelathini na moja, na magari pale hayamjui mwenye goti. Ya tatu ni karibu, ni rahisi, mlango wake unapendeza, ila chini yake kuna baa, na huyo wa mapokezi alilazimika kunipigia kelele ndipo niisikie bei. Nyumba njema si mlango, wahenga walishatuambia. Kuna nyingine mbili za kuvumilika, nimezieleza kwenye karatasi iliyomo humu ndani.

Siku ya nne nikapita mtaa ambao kwa siku tatu nilikuwa naukwepa.

Nyumba yetu ipo. Imepakwa rangi nyingine, ina jina jingine, na kibao cha baba hakipo. Mwenyewe sasa ni mama mmoja mjane, mpole, anayesema bei mara moja na haongezi kitu. Vyumba vya chini ni sita, vitanda viwili viwili: kumi na wawili kamili. Njia ni tambarare mwanzo hadi mwisho, na mbele ya duka la dawa wameweka benchi. Kwa mwendo wako ni dakika kumi na saba, na bei inaingia kwenye posho yenu pamoja na chai ya asubuhi. Nilimkuta anakunja mashuka peke yake, nikashika ncha ya pili bila kuombwa. Akaniuliza nimejifunza wapi kukunja vile. Nikavuta shuka jingine, nikampa ncha.

Najua uliapa nini kwenye nyumba ile. Nilikuwepo. Ulifika siku mbili baada ya mazishi, begi bado liko mkononi, ukasema hutakanyaga tena nyumba ya baba aliyekufa hataki kukuona. Ulidhani hajakusamehe kwa kumwachia funguo za nyumba na kwenda chuo cha ukunga. Miaka ishirini na sita umekishika kiapo chako. Tunaonana kwenye harusi za watu, tunapeana mashavu, tunaulizana watoto.

Dada, wodini huwa unawaambia wanawake kwamba mficha uchi hazai. Mimi nimeuficha wangu miaka yote hiyo, na leo uchungu umenishika, hakuna pa kukimbilia.

Baba hakukataa uitwe. Siku ya tatu ya ugonjwa alinituma nichukue kalamu nimwandikie telegramu yako. Alisema mengi: kwamba anaumwa, kwamba yale aliyokuambia ulipoondoka yalikuwa hasira za siku moja, kwamba wageni bado wanamuuliza yule binti wa mafaili yuko wapi. Halafu akakumbuka posta wanahesabu maneno, si unamjua baba, akaniambia nifute hili, nifute na lile, mpaka yakabaki mawili: "Njoo, mama." Alikuita mama siku zote kwa sababu una jina la mama yake. Mimi hakuwahi kuniita hivyo.

Nilikwenda posta. Nilipanga foleni hadi dirishani. Karani akanyoosha mkono, nami nikamwambia nimesahau nilichofuata. Njiani nikaikunja ile karatasi ndogo kabisa, nikaitupa kwenye mtaro.

Ilikuwa wivu, na sina neno zuri zaidi la kuuvisha. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza, namwogesha, namlisha kwa kijiko. Hakuniuliza nilikuwa wapi hata mara moja, kwa sababu nilikuwepo. Kutwa aliuliza uko wapi wewe. Nikasema moyoni, leo tu awe wangu, kesho nitaituma. Kesho yake nikasema kesho. Na kila alipouliza umefika wapi, nilimjibu, "Yuko hapo tu, baba. Yuko njiani." Aliniamini. Akaniambia nitandike kitanda chako, nikakitandika. Siku ya sita asubuhi akaomba nimgeuze atazame mlango, na alikufa akiutazama.

Ulipokuja ukaniuliza kwa nini hukuitwa, nikasema baba hakutaka usumbuliwe. Nilijua utakavyoyasikia maneno yale. Niliyaacha yakuingie hivyo hivyo, na kila mwaka uliopita ulinifanya nione aibu zaidi kuyarudisha.

Sikuombi msamaha kwa karatasi. Jambo kama hili mtu hulisema akiwa mbele ya mwenziwe, na nilipaswa kulisema tukiwa bado vijana wenye nguvu za kugombana. Vyumba vyote sita nimevishika mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Ukivikataa, nitawapeleka kwenye moja ya zile mbili za kwenye karatasi, na wenzako hawatajua kitu. Kituo cha mabasi nitakuja kwa vyovyote vile. Usiponiitikia salamu, begi lako nitalibeba hivyo hivyo.

Lakini hata kama hutaki tena kuniona, hili lichukue, kwa kuwa ni lako na mimi ndiye niliyelikalia: baba hakukukasirikia. Alikuwa anakungoja.

Wasalimie wakunga wenzako wote, na shemeji pamoja na wanangu huko. Shemeji yako hapa ananiuliza barua gani hii isiyokwisha. Nimemwambia nakuandikia bei za vyumba.

Ni mimi mdogo wako,

Kiherehere