Kiti cha Mwalimu wa Hesabu

Chuoni, 4 Machi

Mdogo wangu Miwani,

Hujambo? Mama na Baba hawajambo? Shule inaendaje? Mimi mwili ni mzima, ila moyoni sipo sawa.

Nimefeli hesabu. Nimepata kumi na tisa kwa mia. Mtihani wa marudio ni mwezi wa tano, na nikianguka tena nafungasha virago narudi nyumbani. Wenzangu darasani wanauliza maswali, mimi nainama tu. Unaikumbuka sheria ya Baba karakanani: anayeuliza jambo mara mbili anapewa ufagio afagie maranda, na wateja wanacheka. Mpaka leo nikitaka kufungua mdomo, namwona Baba ananinyooshea ule ufagio.

Tafadhali isome barua hii peke yako kwanza. Halafu umwambie Baba taratibu, mkiwa wawili tu.

Kaka yako

*

Nyumbani, 15 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Hapa sote wazima, Mama anakusalimu sana. Ningependa kuendelea na salamu mpaka ukurasa uishe, maana yanayofuata ni ya aibu.

Barua yako ililetwa karakanani. Baba akaweka msumeno chini, akamwita kinyozi wa jirani na mama anayeuza vitambaa. "Njooni msikie habari za chuo! Haya, Miwani, soma, tena kwa sauti." Nikasoma salamu. Kisha macho yakautangulia ulimi, nikaliona neno "nimefeli", nikanyamaza.

"Vipi, mwandiko haueleweki?" kinyozi akauliza. "Wasomi bwana! Wakisoma sana wanaandika kama kuku."

Wote wakacheka, na mimi nikasema, "Hesabu nimekuwa wa kwanza."

Sijui lilitoka wapi. Mama wa vitambaa akapiga vigelegele, kinyozi akampa Baba mkono. Baba aliichukua barua, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa aproni. Unajua anavyosoma, kwa kidole, herufi moja moja, kwa hiyo sikuogopa sana. Hata kuandika hilo naona haya.

Siku ya nne alichagua mbao zake nzuri kuliko zote, akaanza kutengeneza kiti. Nilipouliza ni cha nani, akasema, "Cha mwalimu wake wa hesabu." Nitamwambia ukweli kabla hakijaisha. Naapa.

Mdogo wako

*

Chuoni, 12 Aprili

Miwani,

Natumaini hamjambo. Hukumwambia, sivyo?

Jana mchana nilikuwa na wenzangu kwenye ngazi za jengo la hesabu. Nikamwona Baba anavuka uwanja, amejitwika kiti kichwani, na shati lake la harusini limelowa jasho. Mmoja wetu akasema, "Huyu mzee anahamia na samani zake?" Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Nilipanga kukugombeza kwenye barua hii, nikashindwa. Wewe ulidanganya kwa neno moja. Mimi nilimcheka Baba, kisha nikaingia maktaba na kujificha nyuma ya rafu mpaka alipoondoka. Nilikuwa nimeshika kitabu, sikusoma hata mstari mmoja. Sijui aliongea nini na mhadhiri. Kama alikwenda kumshukuru kwa ajili ya mwanafunzi wake wa kwanza, nitamtazamaje mhadhiri? Na Baba nitamtazamaje?

Niandikie upesi.

Kaka yako

*

Nyumbani, 21 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Tu wazima. Keti kabla hujaendelea kusoma.

Baba alijua. Aliisoma barua yako ya kwanza kwa kidole, siku tatu, nyuma ya rundo la mbao. Kila nilipomletea chai nikijiambia leo namwambia, yeye alikuwa akiningoja nimwambie. Sikumwambia.

Hakwenda kushukuru. Alisema aliona haya kuingia mikono mitupu kwenye ofisi ya msomi, ndiyo maana akabeba kiti. Alikwenda kuuliza mzazi afanye nini. Mhadhiri alimjibu kwamba wewe si mjinga ila huulizi, na kwamba nyumbani tunakuuliza kitu kimoja tu, umekuwa wa ngapi. Kiti alikikataa, akasema hapokei zawadi ya mzazi. Baba akakiacha ukumbini, kwa sababu shingo ilikuwa inamuuma.

Nikamuuliza kama alikuona. Alikuwa anafuta vumbi kwenye randa. "Nilimwona kwenye ngazi," akasema. "Nikaona nisimwaibishe mbele ya wenzake."

Jana aliwaita tena kinyozi na mama wa vitambaa, akanipa barua yako ile ya kwanza. "Soma kama ilivyoandikwa." Kaka, nilisoma yote, mpaka ufagio. Sauti yangu haikufika hata mlangoni, lakini walisikia.

Kinyozi akajaribu kuchekesha: "Sasa yule wa kwanza ni nani?" Hakuna aliyecheka. Baba akaniuliza, "Marudio mwezi gani?" Nikasema wa tano. Baada ya kitambo akauliza tena, "Amesema mwezi gani vile?"

"Mara mbili hiyo, fundi!" kinyozi akaropoka. "Ufagio!"

Baba akainuka, akauchukua. Alifagia karakana nzima, chini ya meza na katikati ya miguu yetu. Mama wa vitambaa alitaka kumpokea, akakataa. Alipomaliza akasema, "Mwandikie aulize. Mwambie hata mimi nimeuliza."

Nisamehe.

Mdogo wako

*

Chuoni, 9 Mei

Miwani,

Hujambo? Nimekaa na barua yako wiki mbili, kila siku nikifika hadi mlango wa mhadhiri na kurudi. Leo nimeingia.

Kiti cha Baba kipo mbele ya meza ya mhadhiri. Ameshakifanya kiti cha wanafunzi wanaokuja kuuliza. Nilikikalia. Nikauliza, akaeleza, sikuelewa. Nikaushika ukingo wa kiti kule chini, pale Baba anapoweka alama yake ya penseli. Kisha nikauliza tena. Akaeleza tena, wala hakucheka.

Marudio ni Jumatatu. Likizo nitakuja, nimwambie Baba kwa mdomo wangu kwamba nilicheka. Barua hii isome karakanani, kwa sauti, wote wakiwepo, na usiwaambie kwamba nitakuwa wa kwanza.

Kaka yako