Mashimo Saba ya Kiwanja cha Baba

Ifakara,
Jumatatu, 19 Mei 2025

Mdogo wangu Octavian,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dodoma, wewe, wifi yangu Fausta na mwanangu Agnella. Kifua chake kimepona? Nilisikia kwa watu kwamba mwezi wa pili alilazwa siku tatu. Nasema kwa watu, maana kwako simu yangu haipokelewi tangu Novemba mwaka juzi. Nimepiga mara thelathini na moja; simu inahesabu yenyewe, siongezi. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Barua nampa Silvano, dereva anayeleta mchele wangu huko, nimemwambia asiiache kwa mlinzi wa ofisi yenu, akuwekee mkononi na akuone ukiifungua.

Huku hatujambo. Masika ya mwaka huu yalikuwa ya kweli, Kivukoni mto ulitanuka mpaka kwenye mashamba ya watu, lakini walioponea wamevuna vizuri. Mashine zangu mbili zinakoboa tangu alfajiri. Mimi ni magoti tu.

Nitangulize la maana, usije ukaichana karatasi kabla ya kufika mwisho: usihamie katika lile ghorofa mnalojenga kwenye kiwanja cha baba. Gosbert anatangaza kila kona kwamba tarehe 28 Juni wewe, mbia wake, unakuja na familia. Usije nao. Sababu nitakueleza, ila nitaieleza kwa mpangilio wangu, kwa kuwa nina dukuduku la mwaka mmoja na nusu na sijapata pengine pa kulitolea.

Ule muhtasari wa kikao cha ukoo cha mirathi ya baba niliusoma. Hukunipa wewe, nilipewa na kijana wa fotokopi, mteja wangu wa chenga, aliyedhani nimetumwa kuuchukua. Umeandikwa vizuri, kwa mashine, una saini sita. Unasema marehemu Telesphory ameacha mtoto mmoja, wa kiume. Nilikaa nao juu ya mizani nikausoma mara nne. Nikaenda kwa Baba mdogo Zakayo, ambaye saini yake ni ya pili kutoka juu na ambaye mchele anaokula ni wangu. Akanijibu kwamba nisichukulie vibaya, walifupisha ili mahakamani mambo yaende haraka, na kwamba mwanamke akishaolewa huwa ana kwao kwingine. Nikamkumbusha kwamba mume wangu nilimzika mwaka 2009. Akakuna kichwa, akasema basi safari nyingine wataniandika. Safari nyingine ya nini, Octavian? Baba afe mara ya pili?

Halafu nikasikia habari za ubia. Kiwanja chako, fedha za Gosbert, ghorofa nne, na wewe unapata ghorofa ya kwanza nzima pamoja na fremu mbili za chini. Kwangu mimi Gosbert alikuja mwenyewe mashineni, mbele ya wateja, akaniita Mama Mchele, akasema kwa kuwa tunatazamana barabara, jengo likikamilika ataruhusu mabinti zangu wauzie chini ya ngazi siku za mvua. Bure kabisa, akasema, kwa ujirani mwema. Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikampimia kilo zake tano bila kuzidisha punje.

Jengo lenyewe siwezi kusema halipendezi. Lina vioo vya bluu mpaka juu, na jioni jua likipiga barabara yote inawaka. Bodaboda wamelifanya kituo, mtu akipanda Kibaoni anasema nishushe ghorofani, na hakuna anayeuliza ghorofa lipi. Nimeliangalia likipanda tangu siku ya kwanza, mashine zangu zikiwa ng'ambo ya barabara. Najua nguzo zake ni ishirini. Najua jamvi la pili, lile zege la sakafu ya juu, lilimwagwa siku moja na nusu na la tatu siku mbili.

Mwezi uliopita lori lilileta vitanda na friji vya Fausta. Gosbert hakuwepo, dereva akakosa wa kupokea, nikasaini mimi. Vibarua wakapandisha mizigo, nikapanda nyuma yao kuhakikisha havikwaruzwi, ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia. Chumba cha kona, kile cha barabarani, mlangoni mmebandika karatasi imeandikwa Agnella kwa kalamu za rangi. Nadhani aliiandika mwenyewe mlipokuja Krismasi bila kuvuka barabara kunisalimia. Wakakiweka kitanda chake ukutani, na juu ya kitanda, kutoka pembe ya dirisha kushuka sakafuni, nikaona ufa.

Nilitoa kadi yangu ya mpiga kura, haikuingia. Nikaweka alama ya penseli pale ufa ulipoishia na tarehe, 6 Aprili. Tarehe 27 nilirudi kwa kisingizio cha kufuta vumbi. Kadi iliingia, na ufa ulikuwa umevuka alama kwa kiganja kizima. Tarehe 11 Mei sarafu ya mia mbili ilizama, na mlango wa chumba ulikuwa unagoma kufunga. Lipu ya chini, kwenye nguzo ya kona, imeachana na nguzo. Hilo si la rangi kukauka kama wanavyosema. Kona ile inakwenda chini.

Najua kwa nini inakwenda chini, na Ifakara nzima nilikuwa najua peke yangu.

Januari mwaka jana Egidius, fundi mkuu wa ujenzi, alikuja mashineni na daftari na futi ya kamba. Aliniamkia shikamoo kwa heshima zote, akaketi juu ya gunia, akasema wazee wamemwelekeza kwamba mimi ndiye ninayejua pale kiwanjani vyoo vilikuwa wapi. Unakumbuka huku kwetu maji yako karibu, shimo halidumu. Linajaa, mtu anafunika, anahamia pembeni. Akanieleza kwamba nguzo ya ghorofa nne haikai juu ya shimo la choo, kwa hiyo lazima ayafukue yote na kuyajaza mawe na zege kabla ya msingi. Ilikuwa siku ya tatu tangu nisome muhtasari wenu.

Nilivuka naye barabara nikamwonyesha. La kwanza, la baba, nyuma ya jiko. La pili la mwaka uliozaliwa wewe. La tatu na la nne kwenye migomba. La tano ndilo ulilotumbukizia kiatu cha shule, tukakaa wiki unakwenda peku. Hayo hata Baba mdogo anayajua. Egidius akaniuliza, mama, ndiyo yote? Nikasema ndiyo yote. Akauliza tena, maana ni mtu makini. Nikamjibu kwamba nimeishi pale miaka arobaini, asinifundishe. Akaandika matano, nikasaini.

Yalikuwa saba.

La sita nilichimbisha mwaka wa Elnino, la tano lilipotapika. La saba nilichimbisha kwa ajili ya mama, upande wa mbele, hatua kumi kutoka mlangoni kwake, alipokuwa hawezi tena kufika uani hata kwa kushikwa. Wewe ulikuwa Dodoma. Hukuyaona, na ulipokuja msibani hukuuliza alikuwa anajisaidia wapi. Mama alifariki baada ya miezi mitatu, shimo halijafika hata robo. Nikalifunika kwa magogo, nikashindilia udongo juu, nikapanda maua. Lile si shimo lililojaa. Ni tundu tupu, futi kumi na moja kwenda chini, na nguzo ya kona imesimama ukingoni mwake.

Karatasi yako ilipunguza mtoto mmoja, mimi nikapunguza mashimo mawili. Hesabu yangu ilikuwa hiyo, na siku ile nilirudi mashineni nimeshiba. Nilijiambia kwamba wakichimba watayaona wenyewe, watahangaika, watapoteza wiki mbili, Gosbert atakupigia simu akufokee. Sikutaka zaidi ya hapo. Kama ingekuwa hiyo tu, ningekwenda kuungama kwa padre, ningepewa malipizi yangu, na wewe usingejua.

Lakini waliliona. Februari kibarua mmoja alikutana na ncha ya gogo bovu ubavuni mwa mtaro wa ile nguzo. Egidius akavuka barabara kunifuata. Hasira zilikuwa zimeshapoa, Octavian. Nilikuwa nimelala vizuri, nimekunywa chai, nina akili zangu zote. Nikamwambia huo ni mzizi wa mfenesi wa mama, uliokatwa zamani. Wakaukata kwa shoka, wakamwaga zege. Kiwanja kile hakijawahi kuwa na mfenesi.

Jumatano iliyopita nilimweleza Egidius yote. Hakunitukana. Alivua kofia yake ya kazi, akaniuliza ni nguzo ipi, nikamwonyesha kwa kidole. Akasema katika miaka thelathini ya ufundi amedanganywa na wauza nondo, wauza mchanga na matajiri, ila hajawahi kudanganywa na mama aliyemwamkia. Akamwomba Gosbert asimamishe kazi, Gosbert akakataa, na asubuhi yake Egidius akapanda basi la Mikumi na zana zake zote.

Mimi nilipomwendea, Gosbert alinipokea kwa kicheko. Akatoa ile karatasi kwenye faili, mashimo matano, imesainiwa na Brigitha, jirani. Jirani, ndivyo walivyoandika. Akaniuliza, Mama Mchele, ulidanganya mwaka jana au unadanganya sasa? Chagua moja, nijue nikupeleke polisi kwa lipi. Akasema mji mzima unajua nina ugomvi wa kiwanja na ndugu yangu, nani atanisikiliza. Jioni wakasiliba ufa kwa lipu, wakapaka rangi. Leo nimehesabu vibarua kumi na wanne kule juu wanapandisha mabati.

Kwa hiyo barua hii nimeiandika nakala mbili. Ya pili naipeleka kesho saa mbili kwa mhandisi wa halmashauri, kwa mkono wangu. Sisubiri ruhusa yako. Shimo la mama liko hapa: kutoka jiwe la mpaka la barabarani, hatua zangu tisa kufuata barabara upande wa sokoni, kisha nne kuingia ndani. La sita liko hatua kumi na tano nyuma yake, chini ya ngazi. Wachimbe, watapata magogo. Najua kitakachofuata. Jengo litasimamishwa, pengine litavunjwa, na ghorofa yako itaondoka nalo. Gosbert atanishitaki, na saini ni yangu, siwezi kuikana. Nimeshamfundisha binti yangu mkubwa kufunga hesabu za mashine.

Watakuita wewe mwenye kiwanja. Watakuuliza mwanamke huyu ni nani na amejuaje. Sikuelekezi cha kujibu.

Wala usidhani naomba msamaha wa kila kitu. Kwa Egidius na kwa wale kumi na wanne, ndiyo. Kwa Agnella, ndiyo, na nitamwambia mwenyewe akikua. Kwa kiwanja, hapana. Ulinitendea ubaya, na nikilala ndani au nikilala nje bado nitasema ulinitendea ubaya.

Mwambie Fausta asihangaike kutafuta lori. Vitanda na friji nimevishusha jana, viko stoo kwangu, nimeviinua juu ya mbao ili panya na unyevu visivifikie. Nisalimie sana huyo mtoto, abusiwe kwa niaba yangu. Kama Mungu atapenda tuonane, na tuonane tukiwa tumesimama.

Ni mimi dada yako,

Brigitha Telesphory