Karatasi ya Mahudhurio

Kisarawe, 3 Machi 2024

Mwanangu Rosalia,

Hujambo? Sisi wazima, mguu wa mama yako umepungua kuuma. Nakuandikia kwa sababu maneno ya simu hayana ushahidi. Mtendaji wa kijiji amebandika tangazo: wafugaji wote tuondoke ndani ya siku thelathini. Nina miaka kumi na tisa hapa. Wewe unafanya kazi kwa wakili, hebu niambie, Serikali inaweza?

Baba yako, Mashauri

Kibaha, 7 Machi

Baba, shikamoo. Mimi mzima. Mpe mama pole ya mguu.

Inaweza, lakini si hivyo. Katiba, ibara ya 17, inakupa haki ya kuishi popote nchini. Ibara ya 30 nayo inairuhusu Serikali kuibana haki hiyo kwa sheria, kwa manufaa ya umma. Kwa hiyo usikae ukisema "haki yangu" basi. Shika ibara ya 13: kabla ya kukuamulia, lazima wakusikilize. Omba hilo kwa maandishi.

Mwanao, Rosalia

Kisarawe, 19 Machi

Mwanangu, salamu nyingi. Jana tuliitwa mkutanoni. Nilinyoosha mkono mara tatu, wakasema muda umekwisha. Ila heshima ilikuwapo, hata jirani yangu Mwinjuma, ambaye ng'ombe wangu waliwahi kumlia mahindi, alinipisha kiti. Tukasaini mahudhurio, tukatawanyika.

Baba yako

Kibaha, 25 Machi

Baba, shikamoo. Simu yako haipatikani. Wakili amepata muhtasari wa mkutano. Imeandikwa humo kwamba mlisikilizwa na mkakubali kuhama, na karatasi ya mahudhurio imebanwa nyuma yake kama makubaliano. Nimeona sahihi yako, nikalia. Tumeweka pingamizi wilayani. Usihamishe hata ndama.

Mwanao

Kibaha, 22 Aprili

Baba, shikamoo. Mbona kimya? Tangazo limefutwa! Wilaya imeona hamkusikilizwa, mkutano unarudiwa tarehe 6 Mei. Nenda useme yote.

Mwanao

Rufiji, 19 Mei

Rosalia, hujambo? Mama yako anakusalimu. Barua zako zilifika nimeshaondoka, Mwinjuma kaniletea jana kwa pikipiki. Tarehe 21 Machi mtendaji alinionyesha sahihi yangu. Niliona aibu kubisha, mtu nimeandika jina kwa mkono wangu. Kesho yake nikaswaga ng'ombe.

Mwinjuma anasema siku ya mkutano wa marudio waliita majina yetu wafugaji, mmoja mmoja. Hakuna aliyeitika. Wakaandika kwamba tumehama kwa hiari.

Imeniuma sana. Ukipata likizo, usishuke Kisarawe. Hatupo.

Baba yako